Presha ya Ukoo: Mbegu Tuliyorithi na Chumvi Tunayokula

Wakulima wengi husema hivi: "Baba yetu alifariki kwa presha, na ami yetu akapooza upande mmoja. Hii ni presha ya ukoo. Hata nikijizuia nitapata faida gani?" Wako na wengine wasemao kinyume chake: "Kwetu hakuna mwenye presha, basi sina haja ya kupimwa." Makundi haya mawili yote yamekosea, na kosa hili limewaondoa watu wengi duniani kabla ya wakati wao, wakaacha mashamba bila mwenyewe na watoto bila mlezi.

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa afya ya watu wa umri wa miaka 18 hadi 69 katika nchi nzima. Karibu mtu 1 katika kila watu 4 alionekana ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu walioulizwa walisema hawajapata kupimwa hata mara moja maishani mwao. Kwa hiyo jambo hili si la matajiri wa mjini peke yao. Linatuhusu sisi wa mashambani vile vile.

Mwezi huu tutaeleza kitu gani hasa mtu hurithi kwa wazazi wake, moyo wenyewe una kazi gani katika jambo hili, na kwa nini mtu aliyerithi presha ya ukoo asikate tamaa. Yafaa kusoma taratibu, na kuwasomea wale wasiojua kusoma.

PRESHA NI NINI?

Moyo ni pampu. Kila ukipiga husukuma damu katika mishipa. Mkulima anyweshaye mboga kwa mpira wa maji anajua mambo mawili. Maji yakizidi ndani ya mpira, msukumo huongezeka. Tena mpira ukibanwa, msukumo huongezeka. Ndivyo ilivyo katika mwili. Damu ikiwa na maji mengi kupita kiasi, au mishipa ikikazana, presha hupanda.

Ukipimwa utaambiwa tarakimu mbili, kwa mfano 120 juu ya 80. Ya kwanza ni msukumo wakati moyo unapojikaza, na ya pili ni msukumo wakati moyo unapopumzika. Ikiwa kwa siku mbalimbali kipimo chako ni 140 juu ya 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.

Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Mtu aweza kulima, kuvua na kupanda mnazi kwa miaka mingi huku mishipa yake inaharibika. Mwisho wake mshipa wa ubongo huziba au kupasuka, ndicho kiharusi. Au moyo hunenepa kwa kazi nzito, kisha huchoka. Au figo hufa, au macho huharibika. Basi usingoje kuumwa na kichwa ndipo uende kupimwa.

CHUMVI HUVUTA MAJI

Kipungani ni kijiji cha upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Lamu. Watu wake ni wavuvi, wakulima wa minazi na wasukaji wa mikeka. Katika visiwa hivi kila anayetengeneza ng'onda anajua kazi ya chumvi. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, huwekwa. Baada ya saa chache maji yamemtoka, yanachuruzika chini. Nani aliyeyatoa? Hakukamuliwa na mtu. Ni chumvi iliyoyavuta.

Chumvi hiyo hiyo, tukiila, hufanya kazi hiyo hiyo ndani yetu. Ikikaa katika damu huvuta maji na kuyashika katika mishipa. Ndiyo sababu ukila samaki wa chumvi usiku huoni raha mpaka unywe maji. Damu huongezeka wingi, na msukumo hupanda.

Mwenye mwili mzima hana shida kubwa, kwa kuwa figo huchuja ile chumvi iliyozidi na kuitoa katika mkojo. Lakini figo hazijiamulii zenyewe. Zinangoja amri. Na hapa ndipo tunapofika kwenye homoni, yaani dawa za asili ambazo mwili huzitengeneza wenyewe na kuzituma katika damu kama matarishi.

MATARISHI WAWILI

Tarishi wa kwanza ni wa kutunza chumvi. Figo zikiona kwamba damu imepungua nguvu, kwa mfano mtu ametoka jasho sana au anaharisha, hutoa kitu kiitwacho renini. Renini huanzisha kazi nyingine baada yake, na mwishowe tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni. Amri yake ni hii: "Shikeni chumvi, msiitupe." Wakati huo huo mishipa hukazwa. Tarishi huyu ni mwema. Aliwafaa sana wazee wetu wa zamani walioishi katika nchi ya joto, chumvi ikiwa adimu.

Tarishi wa pili ni wa kutupa chumvi, na ajabu yake ni kwamba hutoka moyoni. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kuwa moyo ni pampu tu. Mwaka 1956 Bruno Kisch alitazama nyama ya vyumba vya juu vya moyo kwa hadubini ya elektroni, akaona vipunje vidogo vidogo. Vilifanana na vile vipatikanavyo katika tezi. Lakini vina kazi gani moyoni?

Jibu lilipatikana mwaka 1981. Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi mjini Kingston, nchi ya Kanada, alisaga vyumba vya juu vya moyo wa panya, akachukua maji yake na kuwadunga panya wengine. Kwa muda mfupi panya wale walikojoa sana, na mkojo wao ulijaa chumvi. Presha yao ikashuka. Alipofanya hivyo kwa nyama ya vyumba vya chini vya moyo, hakuona jambo hilo. Basi ikajulikana kwamba moyo si pampu tu, bali ni tezi pia.

Homoni hiyo kwa kifupi huitwa ANP. Vyumba vya juu vya moyo vikijaa damu na kutanuka, huitoa. Nayo hufanya kazi tatu: huziamuru figo zitoe chumvi na maji, huilegeza mishipa, na humzuia yule tarishi wa kutunza chumvi. Mwaka 1988 wataalamu wa Japani walipata ndugu yake, iitwayo BNP. Waliipata kwanza katika ubongo wa nguruwe, lakini baadaye ilijulikana kwamba kwa wanadamu hutoka zaidi moyoni, hasa katika vyumba vya chini.

Kwa hiyo kila siku matarishi hawa wawili hushindana ndani yako. Mmoja anasema shika, mwingine anasema tupa. Wakilingana, presha huwa ya kadiri. Yule wa kutupa akiwa dhaifu, au chumvi ikija nyingi kupita uwezo wake, presha hupanda.

MBEGU TUNAYORITHI

Sasa tufike kwenye urithi. Mkulima akipanda nazi ya mnazi mrefu hatazamii kuvuna kitamli. Ndani ya nazi kuna maagizo, na mche huyafuata. Sisi nasi tuna maagizo yetu ndani ya kila chembe ya mwili. Kila agizo moja huitwa jeni. Kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hufanana lakini si sawa sawa, kwa kuwa kila mtoto hupata mchanganyiko wake.

Homoni mbili za moyo tulizozitaja zina jeni zake, nazo zimekaa karibu karibu katika uzi mmoja wa urithi, ule wataalamu wauitao kromosomu ya kwanza. Sasa tuulize: agizo hili likiwa na hitilafu, itakuwaje?

Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Simon John na Oliver Smithies, walitoa habari za jaribio lao. Smithies ni yule ambaye mwaka 2007 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake kwa njia waliyovumbua ya kubadili jeni za panya. Waliiharibu jeni ya ANP katika panya. Wengine waliharibiwa nakala zote mbili, na wengine nakala moja tu.

Panya wasio na nakala hata moja nzima walikuwa na presha ya juu hata kwa chakula cha kawaida. Lakini tazama wale wenye nakala moja nzima. Kwa chakula cha kawaida, presha yao ilikuwa sawa na ya panya wazima. Hungeweza kuwatofautisha. Walipopewa chakula chenye chumvi mara 16 ya kile cha kawaida, presha yao ilipanda kwa kiasi cha tarakimu 27 hivi.

Mkulima aliyesoma mpaka hapa ashike jambo hilo, kwa maana ndilo kiini cha makala haya. Panya wale walirithi udhaifu. Lakini udhaifu ule ulikaa kimya mpaka chumvi ilipouamsha.

JE, KWA WANADAMU NI VIVYO HIVYO?

Mwanadamu si panya, na jeni zake haziharibiwi kwa makusudi. Lakini jeni hutofautiana kidogo kidogo baina ya mtu na mtu, kama vile mahindi ya aina mbili yanavyotofautiana. Mwaka 2009 wataalamu waliwapima watu elfu nyingi, wengi wao wa asili ya Ulaya, wakaona kwamba wale waliorithi maandishi ya namna fulani katika jeni hizi za moyo walikuwa na homoni nyingi zaidi katika damu, na presha yao ilikuwa chini kidogo kuliko ya wengine.

Tena homoni ya ANP haitoki moyoni ikiwa tayari kwa kazi. Ni kama nazi ambayo haijafuliwa. Kiko kitu katika moyo kiitwacho korini, ambacho huikata ndipo ifae. Korini nayo ina jeni yake. Mwaka 2005 ilionekana Marekani kwamba namna moja ya jeni ya korini, ambayo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, huambatana na presha ya juu.

Lakini mtu asidhani kwamba iko jeni moja ya presha ambayo ukiwa nayo umekwisha. Kufikia mwaka 2018, baada ya kulinganisha habari za watu zaidi ya milioni 1, wataalamu walikuwa wamepata mahali zaidi ya 900 katika maandishi ya urithi panapohusika na presha. Karibu kila pahali huongeza au kupunguza presha kwa kiasi kidogo sana. Ni matone mengi yanayojaza mtungi. Wako watu wachache sana wenye jeni moja yenye nguvu ya kupandisha presha peke yake, na kwao presha huanza mapema, hata utotoni. Kwa hiyo kijana wa chini ya miaka 30 mwenye presha kali asipewe vidonge tu na kuondoka. Amwone daktari achunguzwe vizuri.

Katika hesabu za wataalamu, kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za presha baina ya watu hutokana na urithi. Sehemu iliyobaki hutokana na chakula, uzito, kazi, pombe na maisha kwa jumla. Basi mwenye kusema kuwa urithi si kitu amekosea, na mwenye kusema urithi ndio kila kitu amekosea pia.

MBEGU MOJA, UDONGO MBALIMBALI

Ushahidi mzuri wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta mbali. Umo humu humu Kenya.

Mwaka 1929 daktari mmoja, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, alitangaza habari za watu 1,000 aliowapima presha. Aliona kwamba watu wa pale, wakizeeka, presha yao haikupanda kama ilivyopanda kwa Wazungu. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake, hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha ya juu.

Katika miaka ya 1960, A. G. Shaper na wenzake walipima morani wa Kisamburu. Waliobaki na ng'ombe zao, wakiishi hasa kwa maziwa, presha yao ilikuwa ya chini. Wenzao walioingia jeshini, wakala chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi, presha yao ilipanda.

Kisha Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zake zilitolewa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilipanda mapema, wala haikungoja uzee. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi, na madini ya potasiamu, yaliyomo katika matunda na mboga, kidogo kuliko walivyozoea. Uzito wao pia uliongezeka, na moyo ulipiga kwa haraka zaidi.

Sasa fikiri. Mtu akipanda gari kutoka Kisumu kwenda Nairobi, je, jeni zake hubadilika njiani? Hata kidogo. Damu yake ni ile ile ya baba yake na mama yake. Kilichobadilika ni chungu anachokula na maisha anayoishi. Ni kama mbegu moja ya mahindi iliyopandwa katika mashamba mawili.

Habari hii yawahusu wakulima wa skimu kuliko watu wengine. Wengi wenu, au wazazi wenu, mlihama. Skimu ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, ilipokea watu kutoka bara, na skimu nyingine zimepokea vile vile. Mtu aliyekulia kwa viazi, ndizi na maharagwe amekuja pwani akakuta ng'onda sokoni na chumvi ya bei rahisi dukani. Udongo wa mwili umebadilika, ingawa mbegu ni ile ile. Na wenyeji wa Kipungani wasijione wamesalimika, kwa kuwa nao leo wanakula vitu vya dukani ambavyo babu zao hawakuvijua.

MOYO UKICHOKA

Presha ikikaa juu kwa miaka mingi bila kutibiwa, moyo hunenepa na kutanuka. Hapo hutoa ile homoni ya BNP kwa wingi, kama mtu anayepiga kelele za kuomba msaada. Ndiyo sababu katika hospitali kubwa madaktari huweza kuipima katika damu, ili wajue kama mtu anayehema anaumwa moyo au mapafu.

Lakini kelele peke yake haitoshi. Mwili una kitu kinachoitwa neprilisini ambacho huzivunja homoni hizo. Mwaka 2014 zilitolewa habari za jaribio la wagonjwa zaidi ya 8,000 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kazi. Waliopewa dawa mpya ya kuzuia neprilisini, iitwayo sacubitril, ikiwa imechanganywa na valsartan, walikufa wachache kuliko waliopewa dawa ya zamani. Hivyo kile kilichoanza kwa panya wa de Bold mwaka 1981 kimekuwa dawa ya watu. Hata hivyo dawa hii si ya kujinunulia. Ni daktari tu awezaye kusema nani anaifaa.

Dalili za moyo kuchoka ni hizi: kuhema kwa kazi ndogo, kushindwa kulala chali bila mito, miguu kuvimba jioni, na uzito kuongezeka kwa siku chache kwa sababu ya maji. Ukiziona usizifiche.

YATUPASA KUFANYA NINI?

1. Kapimwe. Kila mtu wa miaka 18 na zaidi apimwe walau mara moja kwa mwaka. Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini mikoba ya vifaa, na mashine ya kupimia presha ikiwamo. Kabla ya kupimwa keti utulie dakika 5, usivute sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa.

2. Andika presha ya ukoo. Chukua karatasi, andika baba, mama, babu, bibi, ami, mjomba, shangazi na ndugu zako. Nani alikuwa na presha? Nani alipata kiharusi, na kwa umri gani? Nani alifariki ghafla? Mpe daktari karatasi hiyo. Kwa watu wengi ina faida kuliko kupima jeni, tena haina gharama.

3. Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai kilicho sawasawa, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Fanya hesabu ya nyumbani: watu 6 wakila kipimo hicho, kilo 1 ya chumvi hudumu siku 33. Andika tarehe juu ya mfuko siku unapoufungua. Ukiisha kabla ya mwezi, na hukuutumia kwa kukausha samaki, jua mnakula mno. Nunua chumvi iliyotiwa madini ya joto, ila itumie kidogo.

4. Angalia ng'onda. Hatusemi msile, kwa kuwa samaki ni chakula bora. Lakini mroweke usiku kucha, mwage maji, mtie maji mapya, mwage tena. Akiisha kupikwa usitie chumvi nyingine katika mchuzi. Tui la nazi, ndimu, embe mbichi, ukwaju, tangawizi na pilipili zitaleta ladha ya kutosha. Siku nyingi zaidi ule samaki mbichi aliyetoka baharini.

5. Onja maji ya kisima. Baadhi ya visima vya pwani vina maji yenye chumvi. Mwenye presha anywe maji ya mvua yaliyowekwa vizuri katika birika safi, au maji mengine matamu.

6. Panda potasiamu shambani. Ndizi, viazi vitamu, kunde, mchicha, maembe na madafu yana madini haya, nayo husaidia figo kuitoa chumvi. Katika vijiji 600 vya Uchina, watu wapatao 21,000 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi, au wazee wenye presha, walifuatwa kwa miaka mitano hivi. Nusu ya vijiji walitumia chumvi ambayo sehemu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asizidishe potasiamu kabla ya kumwuliza daktari.

7. Acha tumbaku, punguza pombe na unene. Kazi ya jembe na kasia ni mazoezi mazuri. Anayekaa dukani au anayepanda pikipiki siku nzima hana budi kutembea.

8. Usiache vidonge. Hapa ndipo wengi wanapoangamia. Mtu humeza dawa miezi miwili, akajisikia vizuri, akaiacha. Kumbuka kwamba vidonge vingine huzisaidia figo kutoa chumvi, na vingine hulegeza mishipa, yaani hufanya kazi ile ile ambayo homoni yako ya moyo imeshindwa kuimaliza. Ukiviacha, kazi nayo husimama. Wakati wa palizi au msimu wa kuvua, chukua dawa za kutosha kabla hujaondoka nyumbani.

9. Jua kiharusi. Uso ukipinda, mkono au mguu ukilegea upande mmoja, au maneno yakikwama ghafla, usimpake mafuta wala usingoje kesho. Kila saa ina thamani. Watu wa Kipungani na vijiji vingine vya visiwani wapatane mapema: mashua ya nani itatumika, nani atamwendesha mgonjwa mpaka hospitali ya Lamu, na simu ya nani itapigwa kwanza. Watu wa skimu wapatane juu ya gari.

MASWALI MACHACHE

Je, mtu mwembamba anaweza kuwa na presha? Ndiyo. Ikiwa amerithi mwili unaoshika chumvi sana, wembamba hautamkinga.

Je, ikiwa baba na mama wote wana presha, mtoto lazima awe nayo? Hapana. Hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine, lakini si lazima. Mtoto huyo aanze mapema kula chumvi kidogo, na akiwa mtu mzima apimwe mara nyingi zaidi.

Je, jeni zaweza kubadilishwa na chakula? Hapana. Mbegu uliyopewa umekwisha kupewa. Lakini wewe ndiwe mwenye shamba, nawe ndiwe unayeamua kitu gani kiingie humo.

Basi wakulima, mwezi huu kila nyumba na ifanye mambo matatu: andikeni karatasi ya ukoo, wekeni tarehe juu ya mfuko wa chumvi, na watu wazima wote wa nyumba waende kupimwa. Mwenye kuonekana ana presha asione haya. Aulize maswali, apokee dawa yake, na arudi siku aliyopangiwa.